Sifuri ya Kisanduku cha Kumi na Moja

Kwenye kisanduku cha kumi na moja, palipoandikwa Gharama ya Kazi, Hussam alitia sifuri. Hakuitia kwa haraka wala kwa ujinga. Alikaa na fomu ile mezani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, akamuuliza mkewe Mahira, akamuuliza na mamake, na wote watatu wakaafikiana. Bafta ilinunuliwa, ikaandikwa bei yake. Uzi ulinunuliwa, ukaandikwa. Wanga wa kukazia, katoni, kamba, vyote vikaandikwa. Kazi haikununuliwa na mtu. Wanawake kumi na wawili wa mtaa wa Kuze walikuwa wameshona kofia tisini na sita kwa mkono, miezi sita mizima, kila mmoja nyumbani kwake katikati ya kupika na kulea na kuuguza, na hakuna aliyepewa hata shilingi, maana desturi yao ni kuuza kwanza kisha kugawana. Sasa mtu mkweli angeandika nini? Sifuri.

Jumatatu asubuhi fomu ikarudi na mhuri mwekundu.

Hussam alikuwa amesimama kwa saa mbili kwenye foleni ya ofisi ya vyeti kule mjini, na alipofika dirishani alisomewa makosa yake kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Kwa mujibu wa karatasi zako mwenyewe, aliambiwa, kofia hizi si za Kenya. Kitambaa kimetoka nje, uzi umetoka nje, na kazi hamkufanya. Kilicho cha Kenya hapa ni wanga na katoni. Watu wa nyuma yake wakacheka. Alipotaka kueleza aliombwa asogee awapishe wengine, akasogea, akarudi Kuze kwa miguu na ile kofia ya sampuli ndani ya mfuko wa karatasi.

Bila cheti cha kuthibitisha kwamba ni za Kenya, kofia zikifika Moroni huko visiwani zingetozwa ushuru kama bidhaa ya kigeni, na mnunuzi alikwisha kusema kwa simu kwamba hataongeza hata senti juu ya bei waliyoagana. Msimu wa harusi kubwa visiwani ulikuwa unaanza, na hakuna bwana harusi wa kungojea makaratasi. Meli ilikuwa ya Alhamisi. Kama za mkono hazitafika na meli hiyo, alisema mnunuzi, atachukua za mashine, nazo zimejaa tele.

Lililoifanya aibu hii iwe chungu zaidi ni kwamba kanuni ya kisanduku cha kumi na moja iliandikwa na mtu wa nyumba hiyohiyo.

*

Fadhiya, dadake Hussam na binti mkubwa wa mama yao Bi Mwanakuu, alikuwa amerudi kutoka Geneva wiki tatu zilizopita, akingojea sahihi ya mwisho ili atangazwe balozi. Mtaa mzima ulijua kwamba ni mtu mkubwa, ila haukujua mkubwa wa nini. Wengine walisema yuko benki, wengine walisema anaiuzia serikali chai. Ukweli ni kwamba alianza kama mwanauchumi wa wizara, msichana wa kuhesabu magunia ya mahindi yanayovuka mpaka. Ripoti yake moja juu ya bei ya mchele iliwaudhi wakubwa wawili na kumpendeza wa tatu, na huyo wa tatu ndiye aliyempeleka Geneva. Huko, kwa miaka kumi na moja, kazi yake ilikuwa kukaa mezani na wajumbe wa nchi nyingine wakigombania neno moja siku tatu. Mkataba wa biashara kati ya Kenya na nchi za visiwa, ambao wiki hiyo ulikuwa unatimiza mwaka, yeye ndiye aliyeuongozea ujumbe wa Kenya.

Alipoishika ile fomu hakuhitaji kufungua kitabu. Aliiona sifuri, akaona na mhuri, akajua. Kanuni ya tisa: kazi itahesabiwa kwa ujira uliolipwa, na ushahidi wa malipo utaonyeshwa. Aliipigania kanuni hiyo kufa kupona. Wakati ule kulikuwa na wafanyabiashara wanaoingiza kofia za mashine kwa makontena, wanazishonea lebo ya Kenya ndani, kisha wanadai kwamba zimeshonwa na shangazi zao mia moja. Yeye alitaka kuufunga mlango huo, na siku alipofaulu alijiona amewatetea watu wa kwao.

Aliwaeleza hayo yote pale ghorofani, kwenye chumba cha kushonea. Bi Mwanakuu alikuwa ameketi mkekani karibu na dirisha, kofia gotini, sindano mkononi, na hakuinua uso wakati wote binti yake alipokuwa akieleza. Alitoboa kitundu cha kiua, akakizungushia uzi, akakaza, akatoboa kingine. Fadhiya alipomaliza, mama aliuliza swali moja tu.

"Na huyo aloiandika kanuni hiyo, ashamuona mtu akishona kofia?"

Mahira aliinamisha uso. Hussam alimtazama dadake.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niloiandika."

Bi Mwanakuu aliukata uzi kwa meno. "Basi hukuangalia vizuri," alisema, akachukua uzi mwingine.

*

Jumanne asubuhi Fadhiya alikwenda mwenyewe ofisini pamoja na Hussam. Angeweza kupiga simu moja na kupokewa mlangoni, lakini alitaka kuiona foleni. Aliiona. Alisimama saa nzima nyuma ya mwanamume aliyekuwa akila njugu na kutupa maganda sakafuni, na mlinzi alimwambia mara mbili asiegemee ukuta kwa sababu umepakwa rangi mpya.

Mbele yao alikuwapo wakala mmoja wa Shimanzi, jina lake Ronny, kijana mcheshi aliyewasalimu makarani wote kwa majina. Alikuwa na maombi ya kofia elfu sita. Alitoa sampuli, na Fadhiya aliijua kwa kuitupia jicho tu: viua vyote sawasawa, nyuma hakuna hata fundo moja, kazi ya mashine. Lakini vocha za mishahara zilikuwa zimepangwa kwenye faili, mia mbili na zaidi, kila moja na jina na alama ya kidole gumba. Karani alizipekua juujuu. Mhuri wa buluu ukashuka.

Kanuni yake ilikuwa imefanya kazi kinyume kabisa: waongo waliipenda, kwa sababu mwongo ndiye mwenye karatasi zilizokamilika.

Zamu yao ilipofika, karani alilisoma jina la Fadhiya kwenye kitambulisho chake, akamwangalia, akainuka kwenda kumwita mkubwa wake. Akatoka kijana mrefu mwenye tai, Griffins, ofisa wa vyeti. Aliwakaribisha ndani, akawapa viti, na kabla hawajasema neno alifungua kabati na kutoa kitabu cha mafunzo chenye picha ya Fadhiya kwenye ukurasa wa kwanza.

"Ulinifundisha wewe, Balozi. Semina ya Naivasha. Nilikuwa wa kwanza katika mtihani."

"Bado sijawa balozi," alisema Fadhiya.

Griffins alikifungua kitabu ukurasa wa arobaini na moja, akakigeuza ili asome mwenyewe. Ulikuwa mfano. Mama mmoja anashona nyumbani akisaidiwa na mabinti zake bila malipo. Je, kazi hiyo ihesabiwe? Jibu, kwa herufi nzito: Hapana. Fadhiya aliukumbuka mfano ule. Aliuandika ndani ya ndege kati ya chakula na kahawa, na ulipata sifa nyingi kwa kueleweka upesi.

Uso ulimshuka. Kijana hakuwa na ubaya wowote, hilo lazima lisemwe. Alifanya alivyofundishwa, tena na mwalimu aliyekaa mbele yake. Alipoona mgeni wake anausoma ukurasa ule mara ya pili, alimhurumia, akapunguza sauti.

"Mama, mkileta vocha leo jioni au kesho, mimi sitauliza wino umekauka lini."

Nje, Ronny alikuwa akiwangojea kwenye ngazi. Alikuwa amesikia habari zao dirishani. Akamwambia Hussam kwamba jambo hili ni dogo mno, watu kumi na wawili tu. Yeye ana daftari la vocha na mihuri yake ipo, kinachotakiwa ni majina na vidole. Hata hatawatoza kitu, alisema, kwa heshima ya mama yao mzee.

*

Kulikuwa na njia nyingine, nayo Fadhiya aliikumbuka wakiwa kwenye tuktuk. Kanuni ya thelathini. Wakati wa mazungumzo, mkuu wa ujumbe wa visiwa, mzee aitwaye Muhdhar, aliishikilia kwa siku nne mpaka Fadhiya akakubali kwa kuchoka. Ilisema hivi: mkuu wa ujumbe wowote akiomba kanuni fulani ipitiwe upya, mbele ya wajumbe wa pande zote mbili, na upande wa pili usipopinga kabla kikao hakijafungwa, basi kanuni hiyo husimamishwa kwa siku tisini. Siku ile waliagana wakitaniana kwamba hakuna atakayeitumia. Na kesho yake, Jumatano, pande zote mbili zilikuwa zinakutana papa hapa Mombasa kusherehekea mwaka wa mkataba, na Fadhiya ndiye mwenye hotuba.

Alimpigia simu Katibu wa wizara, bwana Joab, akamwomba ruhusa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi na Joab hakuwa mtu wa kufoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimweleza taratibu kwamba wafadhili watakuwapo, kwamba magazeti yatakuwapo, na kwamba mtu hasimami kwenye sherehe ya mtoto wake akasema mtoto ana kasoro. Faili la ubalozi, alisema, limebaki sahihi moja.

"Na ukiomba mapitio kesho, Fadhiya, utakuwa umejiondoa mwenyewe. Sitakuwa na la kukusaidia. Hao akina mama si wapate tu karatasi? Kila mtu anapata karatasi."

Ilikuwa mara ya pili siku hiyo kwa mtu wa serikali kumshauri aghushi. Alilitafakari hilo akiwa amesimama na simu mkononi, na tusimpe sifa asiyostahili: alishawishika. Ubalozi alikuwa ameutafuta miaka thelathini. Kwa vocha kumi na mbili kofia zitasafiri, mama atapata fungu lake, Hussam hatachekwa tena, na yeye atakwenda anakokwenda. Siku tisini au mia tisa, kanuni anaweza kuirekebisha baadaye, kimyakimya, kwa barua.

Basi Hussam alipofika alasiri na daftari la Ronny chini ya kwapa, Fadhiya hakumzuia.

Wanawake waliitwa. Walikuja saba, watano walituma salamu kwamba wakubwa wakikubali na wao wamekubali. Waliketi mkekani wakamiminiwa kahawa, na Hussam akagawa vocha zilizokwisha kujazwa. Kila mmoja alikuwa amelipwa mshahara wa miezi sita na kampuni ambayo hawajapata kuisikia. Mmoja aliuliza kama mshahara huo watauona. Wakacheka. Kidau cha wino kikawekwa katikati ya sinia.

Vocha ya kwanza ilipelekwa kwa Bi Mwanakuu, kwa heshima ya umri. Alivaa miwani, akaisoma vocha yote, mpaka chini. Kisha akaiweka kando ya kikombe chake.

"Huyu alonilipa ni nani?"

Hussam alimwambia ni jina tu, Mama, halina mtu.

"Nimeshona kofia miaka khamsini," alisema Bi Mwanakuu. "Waniambia nitie kidole kuwa nimelipwa na mtu asokuwako, ndipo waamini kuwa nilifanya kazi? Hata. Heri hizo kofia zirudi nizivishe mito."

Hussam alianza kubembeleza. Alimkumbusha habari ya meli, na ya mnunuzi, na kwamba wenzake kumi na mmoja wana njaa zao. Ni kweli walikuwa nazo. Mmoja alikuwa na mume aliyelala na kiharusi, mwingine kodi ya miezi mitatu. Bi Mwanakuu aliwatazama wenzake mmoja mmoja akawaambia kwamba yeye hamkatazi mtu, kila mmoja na kidole chake. Lakini yeye hatii chake. Mwenye mume mgonjwa ndiye aliyetangulia kuirudisha vocha kwenye sinia, kwa hasira, na hakuna aliyejua hasira ile alikuwa nayo juu ya nani.

Kisha mama akamgeukia binti yake. "Na wewe ulokaa kimya hapo. Wewe ndiwe ulofunga. Fungua."

*

Mkutano ulifanyika katika hoteli moja papo hapo Mombasa, kwenye ukumbi wenye viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe. Bi Mwanakuu alikuja na binti yake, kwa sababu alisema anataka kuona. Mlangoni kijana wa mapokezi aliliangalia baibui lake akamuuliza kama yeye ni wa upande wa chai. Akajibu kwamba hapana, yeye ni wa upande wa kofia. Kijana hakuelewa, akamketisha nyuma kabisa karibu na mabirika.

Joab aliendesha kikao vizuri. Alisifu, akashukuru, akataja tarakimu, akamkaribisha Fadhiya kwa maneno matamu. Fadhiya alisoma kurasa mbili za hotuba iliyopitishwa na wizara. Kwenye ukurasa wa tatu aliziweka karatasi mezani, akatoa kofia kutoka mkobani, akaiweka juu yake.

"Kofia hii imeshonwa Kuze, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa," alisema. "Kwa kanuni ya tisa ya mkataba huu, si ya Kenya. Aliyeishona hakulipwa mshahara, kwa hiyo kazi yake ni sifuri. Jana niliona kofia elfu sita za mashine zikipewa cheti chetu, kwa sababu aliyezileta ana vocha. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Niliikosea. Kama mkuu wa ujumbe wa Kenya, naomba ipitiwe upya chini ya kanuni ya thelathini, na naomba mwandishi wa kikao aliandike ombi hili sasa hivi."

Joab alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe. Akasema kwa upole kwamba mheshimiwa amezidiwa na mapenzi ya kwao, na kwamba maneno hayo ni yake binafsi, si ya wizara.

"Barua yenu ya uteuzi yasema mimi ndiye mkuu wa ujumbe mpaka niondolewe kwa maandishi," alijibu Fadhiya. "Kama maandishi hayo yapo, Katibu, yaonyeshwe. Kanuni zetu zataka ushahidi wa karatasi."

Karatasi haikuwapo. Mwandishi wa kikao akaandika.

Sasa kila kitu kilikuwa mikononi mwa wageni. Mzee Muhdhar, mkuu wa ujumbe wa visiwa, aliinuka pole pole, akaja mpaka mezani, akaichukua kofia ile. Aliigeuza ndani nje, akatafuta mafundo kwa kidole, akayapata. Kisha akaivua yake mwenyewe kichwani, akabaki na upara wake mbele ya kamera, akaziweka kofia mbili sambamba na kuzitazama. Huko kwao pia kofia hushonwa na wanawake wa nyumbani, na hakuna bibi harusi aliyewahi kumlipisha bwana harusi ujira wa kofia aliyomshonea. Wakili kijana wa ujumbe wake alimfuata akamnong'oneza sikioni kwa muda. Mzee akavaa kofia yake, akarudi kuketi.

Joab alisema anadhani mheshimiwa Muhdhar angependa kutamka jambo. Muhdhar akasema amesikiliza, ahsante. Joab akauliza tena kwa njia nyingine. Mzee akasema amesikiliza vizuri sana.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho ambacho wafadhili hawakukifahamu. Kwa kuwa pingamizi lilikuwa na nafasi mpaka kikao kifungwe, Joab alikataa kukifunga. Alitoa neno la shukrani, akalirudia. Alieleza historia ya bandari. Alikumbuka watu wa kushukuriwa ambao hawakuwapo. Wakili kijana alinong'ona mara ya pili, na mara ya tatu, na kila mara mzee alimpigapiga begani kama anayemtuliza mtoto. Fadhiya alisimama muda wote huo roho juujuu, maana kupinga ni neno moja tu na mzee yule angeweza kulitamka hata kwa kuchoka. Nyuma ya ukumbi sambusa zilikuwa zinapoa. Waandishi wa habari wakaanza kufunga mitambo. Mwishowe, bila neno lililobaki kinywani, Joab alisema kikao kimefungwa.

Alipompita Fadhiya mlangoni hakusimama. "Ulikuwa umefika," alimwambia. "Ulikuwa umefika kabisa." Na sauti yake ilikuwa ya masikitiko ya kweli, maana alimpenda kwa namna yake.

Fadhiya alikwenda nyuma kwenye mabirika, akamkuta mamake amemiminiwa chai na vijana wa hoteli na anawafahamisha tofauti ya kofia ya mkono na ya mashine. Hapo machozi yalimtoka. Alilia ubalozi wake waziwazi, kama mtu alivyo na haki ya kulia kitu alichokitafuta miaka thelathini, na Bi Mwanakuu hakumwambia anyamaze. Alimpa tu kikombe chake, chai ikiwa nusu, akangoja amalize.

*

Ujumbe ulifika usiku huohuo kwa simu, mistari miwili: faili la ubalozi limerudishwa bila sahihi. Alhamisi asubuhi, saa mbili kasoro, Bi Mwanakuu, Fadhiya na Hussam walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Karani wa dirishani aliwaita mapema, na Griffins mwenyewe akaja kukaa kitini pake na fomu mpya. Waraka ulikuwa umemfikia: kanuni ya tisa imesimamishwa, na kwa siku tisini kazi ihesabiwe kwa siku, iwe imelipwa au haikulipwa. Alikuwa ameupigia mstari.

Alianza juu. Jina la mwenye bidhaa. Kisha kazi yake. Kwenye fomu ya zamani Hussam alikuwa ameandika mama wa nyumbani, na Griffins akataka kunakili.

"Futa hiyo," alisema Bi Mwanakuu. "Andika mshonaji kofia."

Akaandika. Walishuka mpaka kisanduku cha kumi na moja, na Griffins akauliza kofia moja huchukua siku ngapi. Hussam alianza kusema kwamba inategemea, lakini mama alimkatiza.

"Siku ishirini na moja, nikiwa mzima."

Alilitaja jibu papo hapo. Hesabu hiyo alikuwa nayo siku zote. Hakuna tu aliyemuuliza, si karani, si mnunuzi, si binti yake mwenye shahada mbili. Fadhiya aliinama akajitia kutafuta kalamu mkobani. Griffins alizidisha, akajumlisha, na mahali palipokuwa na sifuri pakajaa tarakimu mpaka ikabidi aandike kwa herufi ndogo ili zitoshe.

Kilibaki kisanduku cha mwisho, cha shahidi. Fadhiya alisema ataweka sahihi yeye. Griffins aliandika jina lake, akafika kwenye neno Kazi, akasita. Habari zilikuwa zimemfikia, kama zilivyofika kila mahali. Akauliza kwa adabu, bila kumwangalia usoni, kama aandike mwanadiplomasia, au aache wazi.

"Andika mwanauchumi," alisema Fadhiya. "Ubalozi ni wa kupewa, na wameninyima. Huu uchumi hawakunipa wao. Nilisomeshwa kwa kofia."

"Sitini na tatu," alisema Bi Mwanakuu.

Wote watatu wakamgeukia.

"Miaka yako minne ya chuo. Kofia sitini na tatu. Hizo pia nalizihesabu."

Griffins akaandika mwanauchumi. Kisha akachukua mhuri wa buluu, akaupiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Hussam akainyakua karatasi akatoka mbio na katoni yake, maana meli ilikuwa ya saa tisa.